Kaskazini mwa Ufaransa kwa baiskeli ya rodi: vilima vidogo, upepo mkubwa (uzi maalum)

Mwendapole_59

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ukifunguliwa uzi wa baiskeli unaohusu Ufaransa, michango mitatu haijapita tayari mtu ameshatupandisha Alps. Mont Ventoux, Alpe d'Huez, picha ya jezi ya njano, mjadala umekwisha. Mimi naishi Lille, juu kabisa karibu na mpaka wa Ubelgiji, na huku hakuna mlima hata mmoja unaostahili kuitwa mlima. Bado nasema hivi: kwa mwendesha baiskeli wa kawaida, mwenye kazi, mwenye kitambi cha wastani, huku kunanoga kuliko Alps. Sharti ni moja tu, ujue upepo. Asiyeujua atarudi nyumbani analaani.

Mkoa wenyewe ni Hauts-de-France, uliozaliwa 2016 walipounganisha Nord-Pas-de-Calais na Picardie. Wengi wanaujua kwa dirisha la treni ya London–Paris: shamba, shamba, mnara wa kanisa, shamba. Wanahitimisha kwamba ni tambarare. Thubutu! Chini kuna tabaka nene la chaki, ile ile unayoiona imesimama nyeupe kwenye majabali ya Cap Blanc-Nez pale pwani. Mito midogo imeichimba hiyo chaki tangu enzi na enzi: Canche, Authie, Course, Ternoise, Aa. Kwa mbali unaona uwanda, ila ukianza kukanyaga pedeli unakuta ardhi iko kama shuka lililotandikwa na mtoto. Unateremka bondeni, unavuka kidaraja, unapandisha mita sitini au themanini, unapata pumzi juu uwandani, unateremka tena. Miinuko mingi haifiki hata kilomita mbili. Ila ikishajirudia mchana kutwa, miguu inatoa taarifa.

Nawapa mzunguko ninaoupenda kuliko yote, halafu tuchambue kwa nini umepangwa hivyo.

Unapanda treni ya mkoa, TER, mpaka Montreuil-sur-Mer. (Mji una "bahari" kwenye jina lakini bahari iko mbali, ilishajiondokea karne nyingi. Umebaki na kuta zake za ngome na sanamu ya Jenerali Haig juu ya farasi, maana makao makuu ya jeshi la Waingereza yalihamia hapo 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.) Kutoka Montreuil unashika barabara ya D127 kuelekea kaskazini, bonde la mto Course. Mto wenyewe ni mwembamba, maji meupe kabisa, unaona majani ya chini yanavyolala kufuata mkondo. Estrée, Inxent, Beussent. Nyumba zimepakwa chokaa, vibaraza vimejaa maua, magari machache. Hapo unapasha misuli tu, usijifanye mwanaume.

Baada ya Beussent unaliacha bonde, unakata kulia na kupandisha kwenda Hucqueliers. Ukitokeza juu, miti imekwisha. Hakuna uzio, hakuna kichaka, ngano na viazi sukari mpaka upeo wa macho, na minara ya matangi ya maji ndiyo alama zako za njia. Unaelekea mashariki mpaka Fruges, kwenye mitambo ya upepo iliyosimama kila upande, halafu Azincourt. Ndiyo, ile Azincourt ya Oktoba 1415, wapiga mishale wa Henry V na mashujaa wa Kifaransa waliokwama kwenye tope na deraya zao. Ukiendesha pale baada ya mvua ya vuli huhitaji mwalimu wa historia. Udongo ule unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linakwaruza breki.

Azincourt mpaka Hesdin ni mteremko kwa sehemu kubwa, na kutoka Hesdin unarudi Montreuil ukifuata bonde la Canche kupitia Beaurainville. Tumia barabara ndogo, ile kubwa waachie wenye malori. Jumla ni kati ya kilomita 80 na 90.

Sasa, kwa nini nimeuzungusha hivyo na siyo kinyume? Upepo wa kawaida huku unatoka kusini-magharibi, unaingia kutoka baharini bila kugonga hodi. Kule juu uwandani hakuna kitu cha kuuzuia, kwa hiyo kule nataka unisukume mgongoni, ndiyo maana uwanda naupita nikielekea mashariki. Kurudi magharibi nina upepo usoni, sawa, lakini niko bondeni, nina kilima kushoto, kilima kulia, mistari ya mipopla na vijiji vinavyogusana. Upepo unapita juu ya kichwa. Ukiuzungusha kinyume utatumia saa nzima uwandani, kichwa chini, kilomita 17 kwa saa, unatukanana na hewa. Na mlima una kilele walau, upepo hauna.

Watu wanapima safari kwa kilomita na mita za kupanda. Huku kabla ya ramani fungua utabiri wa upepo, ndipo uchore njia.

Kitu kingine ni zile barabara za Warumi, huku wanaziita Chaussée Brunehaut. Zimenyooka kama zilivyopigwa na rula, hazijali kilima wala bonde. Ukiwa juu ya mwinuko mmoja unaiona barabara ikizama, ikiibuka, ikizama, ikiibuka, miinuko mitatu mbele imejipanga inakusubiri. Kona zinaficha mateso, barabara hizi hazifichi. Ushauri wangu: usiangalie mbele zaidi ya mita hamsini, na usipandishe kwa gia nzito kwa sababu tu mwinuko ni mfupi. Mfupi wa kwanza utaupasua kwa sifa. Wa nane utakupasua wewe.

Naweka nukta hapa, nitaendelea na msimu, vyakula na sheria. Maswali ruksa.

Kitunguu Swaumu

Siti ya mbele kabisa. Mkuu tupia picha.

fundi_spoku

Mkuu umeandika vizuri, ila nenda kwenye chuma. Tairi upana gani, upepo kiasi gani, gia zipi? Maana naona humu watu wanasifia mandhari halafu mtu ananunua baiskeli ya laki nane yenye tairi za uzi wa kushonea.

Mwendapole_59

fundi_spoku, nilijua utakuja tu.

Tairi milimita 28, sitoki hapo. Zile 23 za zamani ziacheni makumbusho. Barabara za vijijini huku zina lami ya kokoto, inatetemesha mikono. Mimi nina kilo sabini na kitu, najaza PSI 70 hivi, nyuma nazidisha kidogo. Mvua ikinyesha napunguza. Nyuma naweka kaseti yenye meno mpaka 32. Usione haya, miinuko yenyewe ni mifupi lakini mingine inafika asilimia 10 na zaidi ikiwa inatoka bondeni moja kwa moja.

Pancha: chaki ikilowa hutoa vijiwe vya gumegume, vikali kama wembe, na mvua ndiyo huvisambaza barabarani. Beba tyubu mbili, viraka, pampu ya mkono. Kijijini hutakuta fundi chini ya mwembe.

Bi Mkora

Samahani jamani naomba kuuliza swali la kitumbo. Mnakula nini huko njiani? Au ni zile jeli za kwenye pakiti?

Mwendapole_59

Dada, jeli za nini na kuna maduka ya mikate.

Ila duka la mikate lina ratiba yake na halimwogopi mtu. Kijijini wengi wanafunga Jumatatu. Siku nyingine wanafunga mchana, saa sita na nusu hivi mpaka saa tisa. Jumapili wanafungua asubuhi tu. Ukifika saa saba na dakika tano na njaa yako, unasoma kibao mlangoni na kuendelea na safari. Vijiji vingine havina duka kabisa, kuna mashine ya mikate kando ya barabara, unatumbukiza sarafu, unadondoshewa mkate mrefu. Nimeshaendesha na mkate umechomekwa mgongoni kwenye jezi, nusu nje, kama upanga.

Ukiingia dukani anza na "Bonjour". Usianze na kunyoosha kidole kwenye keki. Hapa watu wa pwani mtafaulu bila kusoma, kwa sababu ni yale yale ya nyumbani: salamu kwanza, shida baadaye. Asiyesalimia atahudumiwa, lakini atahudumiwa.

Maji nachukua makaburini. Msishtuke. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye bomba, kwa ajili ya watu kumwagilia maua. Unasukuma lango la chuma, linalia, bomba lipo karibu na mlango na pembeni yake madumu ya kumwagilia yametundikwa kwenye msumari. Nasalimia wenyeji kimoyomoyo, najaza chupa, naondoka. Kibao kikisema "eau non potable" usinywe.

Jioni ukirudi mjini kuna vibanda vya chipsi. Chipsi za huku zinakaangwa mara mbili, mara nyingi kwa mafuta ya ng'ombe. Wa kufunga na wa halali ulizeni kwanza. Mimi sina la kuongeza, kibanda kinajisemea.

Mswahili wa Kwale

Makaburini 😂😂 Kwetu ukionekana unachota maji makaburini saa saba mchana, jioni unaitwa kikao.

Kamau Wa Thika Road

Boss, hiyo si ndiyo area ya mashindano ya Paris–Roubaix? Mbona hujagusa zile barabara za mawe? Hapo ndipo Chris Froome wetu alimalizwa kwenye Tour de France ya 2014.

Mwendapole_59

Kamau, mawe nilikuwa nayakwepa kwa makusudi, ila umeyataja.

Kwanza jiografia. Mzunguko nilioutoa uko magharibi, upande wa bahari. Mawe ya Paris–Roubaix yako mashariki, kutoka kusini mwa Valenciennes mpaka karibu na Lille. Mashindano yalianza 1896, na licha ya jina tangu 1977 yanaanzia Compiègne, kilomita themanini hivi kaskazini mwa Paris. Safari nzima inazunguka kilomita 250 hadi 260, na kati ya hizo kama 55 ni mawe matupu. Wanamalizia uwanja wa baiskeli wa Roubaix na mshindi anapewa jiwe la barabarani kama kombe. Jiwe kweli.

Sehemu inayoogopwa ni msitu wa Arenberg: kilomita mbili na ushee, imenyooka, mawe yamekaa kila moja na uamuzi wake. Iliingizwa 1968 kwa pendekezo la Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa 1962, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe chini ya ardhi hiyo hiyo. Alipita chini akiwa mchimbaji, akapita juu akiwa mwanamichezo. Minara ya mgodi bado imesimama pale pembeni, na tangu 2012 ukanda wa migodi uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Na Froome, ngoja tuweke rekodi sawa. Mawe hayakumgusa. Mwaka ule alikuja Tour de France akiwa bingwa mtetezi, akaanguka siku ya nne njia ya kuja Lille. Siku ya tano, Ypres kwenda Arenberg, mvua inanyesha, akaanguka tena mara mbili kwenye lami ya kawaida na kupanda gari kabla hata jiwe la kwanza halijafika. Lars Boom akashinda siku ile. Kwa hiyo kijana wa Nairobi, mwanafunzi wa David Kinjah, alitolewa na barabara nyevu za vijijini, zile zile ninazowasifia hapa. Zingatieni hilo mnapoteremka kwenye mvua.

Kamau Wa Thika Road

Noted. Hiyo ya lami sikuwa najua, nilidhani ni mawe.

Inyange_Kigali

Mwongeze na Biniam Girmay. Mweritrea yule alishinda siku tatu na kuchukua jezi ya kijani, ile ya pointi, Tour ya 2024. Na 2025 Tour ilipoanzia Lille, siku ya kwanza alikuwa wa pili nyuma ya Philipsen. Sisi tuliomwona Kigali kwenye mashindano ya dunia tunajua.

Mwendapole_59

Inyange, siku hiyo ya Lille nilikuwa kando ya barabara. Sikumwona hata sekunde mbili: upepo ulikuwa wa pembeni, kundi likakatika vipande vipande, Girmay akawa kwenye kipande cha mbele, vigogo Pogačar na Vingegaard humo humo, vigogo wenzao Evenepoel na Roglič wamebaki nyuma. Siku ya tambarare kabisa kwenye karatasi. Nani bado anabisha kuhusu upepo?

Kwa sisi wa kawaida, upepo wa pembeni unataka msiendeshe kwa mstari mmoja nyuma ya mwenzako. Mnajipanga mshazari, kila mmoja anajikinga begani kwa mwenzake upande upepo usikotoka. Ila barabara ya kijijini ni nyembamba, mtatosha watu watatu, wa nne anabaki kwenye kingo akiteseka peke yake. Zungukeni zamu, msimuue mmoja.

Ndugu Msafiri

Mkuu, swali la pembeni kidogo. Mtu mweusi peke yake kwenye vijiji vya ndani huko, kofia, miwani na kaptula ya kubana… ubaguzi vipi?

Mwendapole_59

Nitajibu bila kupamba. Wapo wanaokodoa macho. Vijiji vingine wazee wanasimamisha shughuli mpaka nipite. Lakini baiskeli ya rodi huku ni dini ya zamani, na mwenye baiskeli ana uraia wake. Ukikutana na mwendeshaji mwingine ananyanyua vidole viwili kutoka kwenye usukani, anakusalimia, hajui wewe nani. Ukisimama unaziba pancha, ndani ya dakika chache kuna mtu anauliza kama una kila kitu. Kero ninayoipata mara nyingi ni ya dereva kunipita karibu mno, na hao wanampita kila mtu hivyo. Sheria inataka mita moja na nusu nje ya miji. Wengine rula yao fupi.

Tukiwa kwenye sheria: kijijini kuna kipaumbele cha kulia. Trekta likitokea kichochoro cha kulia kwako, hata kama wewe uko barabara kubwa, mara nyingi haki ni yake na anaitumia. Usiku au ukungu nje ya mji lazima kizibao cha reflekta na taa. Kofia ngumu kisheria ni kwa watoto chini ya miaka 12, lakini nawe vaa bwana.

Mwl. Kisima

Nimefurahia uzi. Naomba kujua, makaburi ya vita mnapita? Na Waafrika wapo?

Mwendapole_59

Mwalimu, huwezi kuyakwepa. Ukielekea Arras au Albert, kila kilima kina ukuta mweupe na mawe yaliyopangwa. Étaples, karibu na pale nilipoanzia mzunguko, kuna makaburi zaidi ya 11,000 yanayotazama mto Canche. Noyelles-sur-Mer, upande wa ghuba ya Somme, wamelazwa vibarua wa Kichina zaidi ya 800.

Waafrika wapo. Delville Wood pale Longueval ni kumbukumbu ya Afrika Kusini. Lakini mimi nawaelekeza Arques-la-Bataille, nje kidogo ya Dieppe, ambako njia ya baiskeli inayofuata reli ya zamani mpaka Forges-les-Eaux inaanzia. Makaburi ya Waingereza pale yana vibarua weusi wa Afrika Kusini, South African Native Labour Corps, zaidi ya 250. Hawakupewa bunduki. Walipakua meli, walikata miti, walichimba mawe, na wengi waliuawa na magonjwa. Wenzao zaidi ya 600 walizama na meli ya Mendi Februari 1917 kabla hata ya kufika Ufaransa. Wapagazi wa kwetu, wa Carrier Corps, walifia kwetu na wengi hawana hata jiwe. Simama pale dakika kumi, usome majina. Baiskeli itakusubiri.

Mwl. Kisima

Ahsante sana. Nitawasomea kidato cha tatu.

Tausi_Upanga

Wakuu, mimi ni wa vitendo. Nakuja Lille mwezi wa kumi kwenye semina, nina Jumapili moja tu ya kupumzika. Huo mzunguko wa Montreuil nitauweza?

Mwendapole_59

Dada Tausi, Montreuil uuache. Treni za Jumapili ni chache, na siku za mwezi wa kumi zinafupika. Pia ni msimu wa kuvuna viazi sukari: matrekta yanaacha matope barabarani, yakilowa ni sabuni. Ukikuta kibao kina neno "boue", punguza mwendo kabla ya kona na usiguse breki ya mbele ndani ya kona. (Anayeweza kuchagua aje mwezi wa sita, kitani kikiwa na maua. Awahi asubuhi shamba zima ni la bluu, maana mchana maua yameshapukutika na shamba limerudi kijani.)

Fanya hivi. Treni kutoka Lille mpaka Bailleul. Unapandisha Mont Noir mpakani na Ubelgiji, unakuja Mont des Cats, kuna watawa wanatengeneza jibini yao na mnara mrefu wa matangazo unaoonekana kutoka mbali. Halafu vijibarabara mpaka Cassel. Cassel ni mita 176 tu juu ya usawa wa bahari, lakini imesimama peke yake kwenye tambarare na barabara za kupandia zina mawe, kwa hiyo utayaonja bila kwenda Arenberg. Kwenye mawe shika usukani kwa ulegevu, gia nzito kidogo, kaa katikati kwenye mgongo wa barabara, usiache kukanyaga. Juu kuna uwanja wenye mikahawa. Ukishakula unateremka mpaka Hazebrouck, treni ya kurudi. Haifiki kilomita 50.

Siku hiyo upepo ukitoka magharibi, geuza: anzia Hazebrouck.

Tausi_Upanga

Hiyo naiweza. Baiskeli je? Sitaki kusafirisha ya kwangu kwa semina ya siku tano.

Mwendapole_59

Kuna ya mke wangu, imekaa tu tangu apate mtoto. Urefu wako?

Tausi_Upanga

Mita 1.68.

Mwendapole_59

Fremu ni 52, itakukaa. Pedeli ni za kubana viatu, kwa hiyo njoo na viatu vyako au nikufungie pedeli bapa. Tarehe nitumie PM.

fundi_spoku

Mfungie bapa. Na umcheki cheni kabla hujampa.